Nilimsamehe Baba Mkwe kwa Niaba ya Marehemu

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa chumba namba nne, mke wangu yuko kitandani, mguu wa kulia juu ya mito miwili, umevimba kama unga uliotiwa hamira. Alikuwa amekanyaga mdudu wa baharini mwenye miiba. Daktari wa zahanati alitoa miiba kumi na saba, mingine akasema itatoka yenyewe ikipenda.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni fundi wa friji. Sikuja kisiwani kwa kuwa nilistahili mapumziko. Nilikuja kubeba mizigo.

Mapumziko yalikuwa ya baba mkwe wangu, mpima ardhi mstaafu, ambaye kwa miaka mitatu sasa akili yake inazima na kuwaka kama taa yenye waya uliolegea. Daktari wake alisema, mpelekeni mahali alipopapenda. Watoto wake wanne wakakaa kikao. Wakakumbuka kwamba ujanani alipima kisiwa hiki chote, kila ufukwe na kila njia ya pwani. Mke wangu, kitinda mimba, akateuliwa kumpeleka. Nami nikateuliwa na mke wangu.

Sanduku letu kupanda boti nyingine, nimeshawasimulia. Mgongo wangu kubanduka ngozi kwa jua, nimeshawasimulia, na kicheko chenu nimekisikia mpaka huku. Leo nasimulia lile ambalo nilitaka kufa nalo.

"Baba Watoto," mke wangu aliniita asubuhi ile, "leo utatembea naye wewe."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine humu ndani?"

Mzee asipotembezwa asubuhi, siku nzima huharibika. Anatafuta viatu alivyovivaa. Anadai kuna watu wamemwibia ramani. Kutembea ndiko kunakomtuliza, na siku zote aliyemtembeza ni binti yake.

"Mnafuata njia ya pwani mpaka benchi la pili," akaniagiza. "Mnakaa, anakunywa maji, mnarudi. Usimwachie mkono."

"Nikimshika mkono atanipiga."

"Akupige. Lakini usimwachie."

"Na akitaka kwenda mbele?"

"Una miaka arobaini na minne, Baba Watoto. Mwambie hapana."

Ni rahisi kusema ukiwa binti yake. Mimi siku ya kuposa, yule mzee alinitazama kutoka kiatu mpaka kichwa, akasema mbele ya wajomba zangu: "Friji ikiharibika mtu hununua nyingine. Sasa huyu atamlisha nini mwanangu?" Wajomba wakacheka kwa adabu. Nikacheka na mimi.

Tangu siku ile, miaka kumi na miwili, hakuwahi kuniita mkwe. Aliniita "yule fundi", hata nikiwa nimekaa mbele yake mezani. "Mwambieni yule fundi anisogezee chumvi." Na mimi ninasogeza.

Tulipotoka, mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa anafagia baraza. Akainua uso.

"Mnakwenda mbali?"

"Benchi la pili tu, mama."

"Hapo hapana neno. Leo ni bamvua, bahari itajaa kupita siku zote. Ikifika saa tano, kule mbele si pa kukaa mtu."

"Saa tano tutakuwa tumesharudi tunakunywa chai yako."

Ilikuwa saa mbili na nusu.

Kwenye benchi la kwanza Mzee alikuwa bado yuko gizani. Aliniuliza mara tatu kama mimi ni daktari. Mara ya tatu nikasema ndiyo, akaridhika, akanionyesha ulimi.

Kwenye benchi la pili hakukaa. Alisimama akiitazama bahari, kisha akautazama mlima, kisha akarudisha macho pwani. Nikaona kitu ambacho fundi friji anakijua: mashine iliyokufa wiki nzima, unagusa waya mmoja, inashtuka, inaanza kunguruma.

"Hapa hapakuwa na benchi," akasema.

"Wameliweka, baba."

"Palikuwa na bikoni namba kumi na tisa."

Akaacha njia, akaingia kwenye majani, akayafyeka kwa fimbo yake hatua saba. Nikamfuata nikiwaza nyoka na mke wangu. Chini ya majani palikuwa na nguzo fupi ya zege, alama ya wapimaji, imeota ukungu. Akaikwangua kwa kisigino. Kumi na tisa.

"Nani aliiweka?" akaniuliza kama mwalimu.

"Wewe, baba."

"Sisi," akasema. "Mimi na wewe. Umesahau?"

Akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Twende, Kijiti. Tukamalize ishirini na ishirini na moja."

Nina kilo tisini na sita. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuniita Kijiti.

"Umenenepa," akasema, kama aliyesoma mawazo yangu.

"Nimekula vizuri, baba."

"Baba ni nani? Niite bosi kama siku zote."

Akatangulia. Mzee ambaye nyumbani hushikwa mabega kuingia bafuni, alikuwa anaruka mizizi. Alihesabu hatua kwa sauti, akifika mia anakunja kidole. Alinieleza kila kona kabla hatujaifikia. "Hapa njia itashuka." Ikashuka. "Hapa kuna jiwe lenye tundu, upepo unapiga mluzi." Lilikuwapo, na mluzi ulikuwapo.

Kisha tukafika kwenye kamba.

Ilikuwa imefungwa kutoka mti mpaka mti, na kibao kimening'inia katikati. NJIA IMEFUNGWA. USIPITE MAJI YAKIJAA. Herufi nyekundu, kubwa, hata asiyevaa miwani angezisoma.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalipaka rangi. Sikupotea njia. Mzee hakunitoroka. Nilikisoma kibao chote mpaka nukta. Saa yangu ilisema saa tatu na dakika kumi, na nikakumbuka maneno ya mama wa nyumba ya wageni, na nikakumbuka maneno ya mke wangu. Neno "hapana" lilikuwa limeshanifika kwenye ulimi.

Mzee akaweka mkono begani kwangu.

"Kijiti," akasema, "nimefanya kazi na watu wengi. Wewe ndiye ninayemwamini."

Nilijua hakuwa ananiambia mimi. Nilijua kabisa. Lakini mtu aliyekaa na njaa miaka kumi na miwili haulizi chakula kilipikwa kwa ajili ya nani.

Akainua kamba kwa fimbo. Nikainama, nikapita.

Njia ilikwisha, tukashuka kwenye mawe bapa yaliyoachwa wazi na bahari, tukaizunguka rasi. Nyuma yake kulikuwa na ufukwe. Mkiuliza ulikuwaje, ulikuwa mweupe, hauna unyayo wa mtu, umebanwa na kuta mbili za mawe marefu. Watu husafiri nchi na nchi kuutafuta ufukwe kama ule. Mtu aliingia kwa mawe yale bapa, na alitoka kwa mawe yale yale. Sehemu ya uzuri niliiona mara moja. Hii ya njia moja tu niliikumbuka baadaye.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Mko wapi?"

"Benchi la pili."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilitoka lenyewe.

"Anakunywa maji?"

"Anakunywa."

"Mbona nasikia mawimbi karibu hivyo?"

"Upepo unayaleta."

"Nipe niongee naye."

Nikampa Mzee simu. Akaishika kama kitu kilichookotwa.

"Nani?"

"Mimi, baba. Mwanao."

"Umekosea namba," akasema kwa upole. "Mimi sijaoa bado."

Akanirudishia. Mke wangu alikuwa amesikia.

"Leo hali yake ni mbaya?"

Nikamtazama baba yake. Alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, upepo unampiga kifuani, anatabasamu.

"Hapana," nikasema. "Leo ni nzuri kuliko siku zote."

Tukatembea ufukwe ule kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, tukarudi. Akanifundisha jinsi ya kukadiria umbali kwa kidole gumba. Akanisimulia kichekesho cha mpima ardhi aliyejenga choo chake katika kiwanja cha jirani. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Naye akacheka. Tulikuwa wanaume wawili kazini, na ninakiri, nilikuwa na furaha.

Halafu akakaa mchangani ghafla, kama aliyekatwa miguu.

"Kijiti. Kaa."

Nikakaa.

"Mkeo hajambo?"

Ningesema nini? "Hajambo, bosi."

"Alijifungua?"

Nikasita. "Alijifungua."

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akageuza uso, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Nilimpelekea nguo zako, unajua. Sikuweza kuingia. Nilimsikia ndani analia, nikaziweka mlangoni nikaondoka."



"Nguo zangu zipi, bosi?"

"Zile ulizovua siku ile kabla ya kuvuka."

Ningemzuia pale. Ningesema, baba, mimi si Kijiti, mimi ni mume wa binti yako. Nikafungua kinywa. Lakini alikuwa ameshaanza, na alikuwa anaongea chini chini, mfululizo, kama maji yanayotoka kwenye bomba lililozibwa miaka.

"Uliniambia, bosi, maji yanajaa. Nikakwambia hesabu zangu hazikosei. Ukaniambia, tuje kesho. Nikakwambia, kesho nataka niwe nimekabidhi ramani, vuka maji haya, kashike mnyororo wa kupimia upande wa pili. Ukavua nguo, ukazikunja, ukaziweka juu ya jiwe. Ukavuka kwa sababu mimi nilisema uvuke."

Akaitazama bahari. Kisha:

"Ulipiga kelele mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika darubini."

Akaendelea:

"Walinitaka niandike ripoti. Niliandika ulikuwa umelewa." Akanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. "Na wewe hukuwa unakunywa, Kijiti. Hata siku moja. Kila mtu kambini alijua. Wakaisoma ripoti, wakanitazama, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu mimi nilikuwa bosi."

Wasomaji wangu, nyumbani kwa mke wangu jina la yule mzee ndilo rula ya familia. Mtoto akidanganya anaambiwa, babu yako hakuwahi kuandika uongo hata wa inchi moja ya ardhi. Nami hapo nimekaa, fundi friji, nimeshikwa mkono.

"Umekuja kunichukua?" akaniuliza.

"Hapana, bosi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Hakungoja jibu.

"Umenisamehe?"

Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye mikunjo ya uso mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Akaniuliza tena. Akaniuliza mara ya tatu.

"Nimekusamehe, bosi," nikasema.

Akaweka kichwa chake begani kwangu akalia kwa sauti. Nami nilijisikia kama mtu aliyetia sahihi hati kwa jina lisilo lake.

Kitu cha baridi kikanigusa kisigino. Nikatazama. Maji.

Nikatazama upande wa rasi. Mawe bapa tuliyopita hayakuwapo. Palikuwa na bahari tu, inapanda na kushuka ukutani kama haijawahi kuwa na njia pale. Saa yangu ilisema saa tano kasoro robo.

Nikapiga simu.

"Mama Watoto..."

"Mbona unahema?"

"Hatuko benchi la pili."



"Mko wapi?"

"Nyuma ya rasi. Kuna ufukwe. Njia imezama."

"Imezama vipi?"

"Imezama, mke wangu. Haipo."

"Wewe mwanamume!" Sauti yake ikapasuka. Nilimsikia anajaribu kushuka kitandani, nikasikia kilio cha maumivu, kisha sauti ikarudi. "Mshike baba."

"Nimemshika."

"Umemshika?"

Nikageuka. Sikuwa nimemshika. Mzee alikuwa ameshavua viatu na shati, amevikunja vizuri na kuviweka juu ya jiwe, na maji yalikuwa yamemfika magotini.

"Bosi! Rudi!"

"Safari hii navuka mimi," akasema bila kugeuka. "Wewe una mtoto."

Simu iliniponyoka. Sijui iliangukia wapi.

Mimi sijui kuogelea. Maji ninayoyajua ni yale yanayovuja chini ya friji. Nikakimbia nikaingia hivyo hivyo, na viatu na saa na kila kitu. Nilimpata maji yakiwa kifuani kwake, nikamkamata mkanda wa suruali. Akanipiga kiwiko cha pua.

"Niache! Kazi haijaisha!"

"Imeisha, bosi! Tumeshamaliza!"

"Bado ishirini na moja!"

Wimbi likatubeba wote wawili, likatutupa ukutani. Goti langu likapasuka kwenye jiwe. Nikapapasa, nikapata ufa, nikaingiza vidole. Mkono wa pili ulikuwa bado kwenye mkanda. Nikambana Mzee kati yangu na ukuta, na tukakaa hivyo.

Kurudi mchangani hatukuweza. Mchanga wenyewe ulikuwa umebaki ukanda mwembamba kama kitambaa cha mezani, na kila wimbi liliukata. Kupanda hatukuweza, ukuta ulikuwa umesimama wima. Watu husema maji yamewafika shingoni wakizungumzia shida zao. Mimi nilikuwa nayo shingoni hasa, na shida pia.

Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bahari haijibu mtu.

Baada ya muda Mzee akaacha kupigana. Mwili wake ukalegea. Nikaona macho yake yanafifia, na nikajua yule mpima ardhi ameshaondoka, nimeachiwa mzee anayetetemeka.

"Nataka kwenda nyumbani," akasema.

"Tunakwenda sasa hivi."

"Wewe ni nani?"

"Yule fundi."

"Fundi gani?"

"Wa friji, baba."

Akafikiri. Wimbi likatupita juu ya kichwa, tukatoka tunakohoa.

"Sina friji mimi," akasema.

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilianza kumwomba msamaha mke wangu kimoyomoyo, kisha watoto, kisha, msishangae, nikamwomba msamaha Kijiti. Nilipofika hapo ndipo niliposikia injini.

Boti ilizunguka rasi ikiruka mawimbi. Mama wa nyumba ya wageni alikuwa amesimama mbele na kamba mkononi, mumewe nyuma anaiongoza. Walimvuta Mzee kwanza. Mimi walinivuta kama gunia, mara ya tatu ndipo nilipoingia.

"Nilisema saa tano," yule mama akasema akinifunga goti kwa mtandio wake.

"Ulisema, mama."

"Kibao hukukiona?"

"Nilikiona."

Akakaza fundo. Afadhali angenitukana.

Mke wangu alikuwa gatini. Baadaye niliambiwa alishuka ngazi za baraza kwa makalio, ngazi tisa, akipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Sasa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea mpini wa ufagio. Akaangusha ufagio, akamkumbatia baba yake, akamfunika blanketi, akamsugua mikono.

Mimi nilisimama pembeni ninachuruzika maji na damu. Hakunitazama mpaka tulipofika mlangoni.

"Uliniambia benchi la pili," akasema.

Ndiyo maneno pekee niliyopata siku ile. Chakula cha mchana nilikula peke yangu, cha usiku sikula. Mzee alilala kama gogo. Nami kila nilipofumba macho nilisikia mtu anapiga kelele mara mbili.

Asubuhi ilikuwa siku yetu ya kuondoka. Boti ilikuwa ya saa nane mchana.

Mke wangu alikuwa barazani anakunywa chai bila kuzungumza nami, mimi ninakunywa yangu bila sukari kwa sababu sukari ilikuwa upande wake. Mlango ukafunguliwa. Mzee akatoka. Nywele zimechanwa. Shati limefungwa vifungo sawasawa, kila kimoja katika tundu lake.

"Mwanangu," akasema, "mguu unaendeleaje?"

Kijiko kikamwanguka mke wangu. Tangu mwanzo wa mwaka hakuwa ameitwa mwanangu. Alikuwa ameitwa nesi, mama, na mara moja mwizi.

"Unaendelea vizuri, baba," akasema.

Mzee akavuta kiti, akakaa kunikabili.

"Mkwe wangu."

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

"Naam, baba."

"Jana tulikwenda ufukwe ule."

"Tulikwenda, baba."

"Nilisema maneno. Au sikusema?"

Mke wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Maneno gani?"

"Ulisema, baba," nikajibu.

"Yote?"

"Nadhani yote."

Akatikisa kichwa taratibu. Mikono yake ilikuwa imetulia mezani. "Na wewe ukanijibu nini?"

Nilitamani friji ya jikoni ilipuke wakati ule, niitwe. Haikulipuka.

"Nilisema nimekusamehe."

Alinitazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe huna mamlaka hayo," akasema.

"Najua, baba."

"Alikuwa na mke hapa hapa kisiwani, kijiji cha upande wa pili. Na mimba. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, kama alizaliwa salama. Amekua akiambiwa baba yake alikuwa mlevi." Akasukuma kiti nyuma. "Nataka kwenda kwao leo. Sasa hivi, kabla sijasahau."

"Kwa nani, baba?" mke wangu akauliza. "Mlevi gani? Kabla hujasahau nini?"

Mzee akaninyooshea kidole. "Mwambie."

"Mimi, baba?"

"Mwambie yote. Mimi ngoja nivae vile viatu vingine."

Alikuwa ameshafika mlangoni nilipokumbuka jambo, nikaruka na goti langu bovu.

"Baba! Jina lake halisi ni nani? Kijiti ni la utani. Tutamuulizia kwa jina gani?"

Akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Nitakwambia nikitoka," akasema. "Jina zuri sana."

Akaingia ndani.

"Baba Watoto," mke wangu akasema. "Uniambie nini?"

"Ngoja atoke."

"Amesema uniambie wewe."

"Ngoja kwanza atoke na jina."

Tukasubiri. Nilisikia kabati linafunguliwa. Nikasikia linafungwa. Likafunguliwa tena. Chai ikapoa, ikafanya utando juu. Nilikuwa ninahesabu, sijui nahesabu nini.

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Kingine alikuwa amekishika kifuani kama mtu aliyeshika paka. Alitutazama mimi na binti yake kwa adabu kubwa, kama mtu aliyeingia chumba cha watu kwa bahati mbaya.

"Samahanini," akasema. "Nyinyi ndio wageni wapya?"

Mke wangu hakusimama kumpokea. Mara ya kwanza katika miaka mitatu, baba yake amesimama mlangoni amepotea, naye hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kabla hajasahau nini?" akauliza.

Ilikuwa saa mbili na robo. Zilibaki saa sita kasoro robo boti iondoke.

"Nipe mkono wako kwanza," nikamwambia.

Hakunipa.